Ukuta Niliouomba kwa Ajili ya Mkwe Wangu

Mwalimu Gesare, umenisumbua vya kutosha. Kila ukija kutufundisha hapa unaniambia, "Mama Bitutu, andika, wewe una maneno." Maneno ninayo, nani alikuambia sina. Lakini mkono huu ni wa jembe, umeshika kalamu nikiwa nimebaki na meno ya kuhesabu, na herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Tena unataka nimwandike Obwocha, mkwe wangu, mtu ambaye kwa desturi sipaswi hata kutaja kitanda chake. Basi nitaandika. Ila usinipangie maneno. Ukiyapanga nitajua, na darasani kwako hutaniona tena.

Obwocha alikuwa fundi wa nyumba. Zile nyumba za udongo na fito unazoziona ukishuka kutoka Nyamira kuelekea Kisii, nyingi aliziezeka yeye kabla watu hawajapata wazimu wa mabati. Alikuja kumposa binti yangu wa kwanza, Nyangate, akiwa tayari ana mke mmoja, na kwa umri hakuachana nami sana. Majirani walinicheka. Walisema, wakiniita kwa jina la binti yangu, "Mama Nyangate, umepata mkwe au umepata kaka?" Niliwajibu kwamba ng'ombe wake wana miguu minne kama ng'ombe wa vijana.

Sasa mtu asiye wa kwetu anisikilize hapa, maana asipoelewa hili hataelewa lolote. Sisi tuna heshima inaitwa chinsoni. Mama mkwe haingii mahali mkwewe analala. Hamwoni akioga, hamwoni akivua shati. Hawapeani mkono, wanasalimiana kwa mbali, kila mtu akitazama pembeni. Watoto wa shule wanasema huo ni woga wa kishamba. Si woga. Ni ua. Kila mtu anakaa upande wake wa ua na amani inakuwepo.

Obwocha alinijengea nyumba mwaka ule Nyangate alipojifungua mtoto wa kwanza. Alisimamisha nguzo, akapaka udongo, akagawa ndani kwa ukuta, huku pa wageni, huku pangu. Ilipofika kutengeneza pa kulala upande wa kwangu, akaweka chini panga lake, akamwita ndugu yake aje amalizie. Hakutia mguu mle tena. Alijenga nyumba nzima na nusu yake hakuijua.

Nyangate alikufa na mimba ya tatu. Wakwe wengine mke akifa njia inaota majani. Obwocha aliendelea kuja. Nilikuwa naamka nakuta mkungu wa ndizi ukingoni mwa boma, na yeye ameshaondoka.

Halafu mume wangu akafa. Mimi Mungu alinipa mabinti tu. Shemeji zangu wakapima shamba wakanipimia na mimi njia ya kutokea. Watu wa kanisa walikuwa wameanzisha nyumba ya wazee wasio na mtu, pale kilimani, wakanichukua. Sikwenda nikilia. Nilikwenda na kigoda changu kichwani, na mtoto wa shemeji aliyetaka kunibebea nilimwambia abebe dhambi za baba yake.

Pale zilikuwapo nyumba mbili ndefu, ya wanaume na ya wanawake. Upepo ukaja ukang'oa mabati ya wanaume. Wakahamishiwa kwetu, vitanda vyao upande ule, vyetu upande huu, katikati njia ya kupitisha ndoo. Msimamizi wetu, Bwana Abner, kijana nadhifu wa viatu vya kung'aa, alisema ni kwa muda. Huo muda ulizeeka pamoja na sisi.

Siku moja walimleta mgonjwa mpya kwenye machela. Amepooza upande mmoja, mdomo umekwenda kando. Wanawe wa yule mke mkubwa walikuwa Kericho wakichuma chai ya watu, hawakuwa na pa kumweka. Wakamlaza kitanda kinachotazamana na changu. Akageuza kichwa, tukaonana. Obwocha.

Alivuta blanketi kwa ule mkono mzima, akajifunika uso. Mimi nilichukua kigoda changu nikatoka nje.

Bwana Abner alinifuata. "Mama Bitutu, mvua inakuja. Rudi ndani."

"Yule ni mkwe wangu."

"Vizuri. Umepata mtu wa nyumbani."

"Mwanangu, wewe mama yako anatoka wapi? Hakukufundisha? Nihamishe mimi, au umhamishe yeye, au jenga ukuta katikati."

"Hapa wote ni wagonjwa, mama. Mambo ya kienyeji yaachwe mlangoni."

"Mimi si mgonjwa. Mimi ni mzee. Na hayo ya kienyeji sikuyavaa kama koti niyaache mlangoni."

Akacheka, akaenda zake. Tangu siku hiyo nililala jikoni, juu ya kuni. Asubuhi Kwamboka, mfanyakazi wetu, alikuwa anawaosha wanaume mlango ukiwa wazi, na mimi nikawa nakaa nyuma ya nyumba mpaka amwage maji. Kifua changu kilianza kulia kama mlango mbovu. Obwocha naye alikataa kula nikiwa karibu, akawa anakula nusu au hali kabisa, akingoja nipotee. Kwa hiyo nilijifunza kupotea. Mzee wa umri wangu, nimefanywa mwizi katika nyumba niliyopewa nifie humo.

Rafiki yangu Kemuma, wa kitanda cha pembeni, alinitania. Yeye ujana wake alilea watoto wa wazungu huko Kericho, akajua Kiswahili na dharau. "Mama Nyangate, unakimbia mkweo mchana kutwa, watu watasema anakudai ng'ombe arudishiwe."

"Acha adai," nilimwambia. "Nitamlipa na wewe."

Lakini sikukaa kucheka tu. Nilikwenda kwa kamati ya kanisa, nikasimama mlangoni mpaka wakachoka kunitazama. Sikuomba nyama, sikuomba blanketi. Niliomba ukuta. Hata wa udongo. Hata fito tupu, udongo tutaupaka wenyewe, wazee wa pale wengi mikono ilikuwa inafanya kazi bado. Wakasema watalitazama. Nikaenda kwa chifu kwa miguu, nikakuta baraza la watu wanachangia shule ya harambee. Chifu akaniambia, "Mama, watoto wetu hawana madarasa, wewe unataka ukuta wa kulala?" Watu wakacheka. Niliwaambia hao watoto wakisoma watawaleta nyinyi kule kilimani, na ukuta hamtaukuta. Kicheko kikapungua, lakini hakuna aliyeinuka.

Mwishowe Bwana Abner alinitundikia shuka la marekani kwenye kamba. Upepo ukivuma linapanda kama sketi. Hata hivyo nilirudi kulala ndani, uso ukutani, na Obwocha akaanza kula vizuri. Nilimsikia akitafuna. Mjue kwamba kitambaa tu kilimrudisha mtu kula.

Ndipo ikaja habari ya mgeni. Mama mwenye cheo kutoka Nairobi, wa chama cha hisani, anakuja kutazama nyumba yetu na kuona inahitaji nini. Tulipakwa mafuta, tukavishwa. Kwamboka alipiga deki mpaka tukateleza. Na shuka likashushwa. Bwana Abner alisema linafanya nyumba ionekane kama soko la mitumba.

"Na leo, Mama Bitutu," akaniambia, "hakuna maneno ya ukuta."

Nilikuwa nimeshayapanga kichwani, mafupi, ya mtu mwenye akili. Wale walioweza kutembea tuliwekwa kwenye mabenchi uani. Wasioweza waliachwa ndani, mlango umefungwa nusu. Mgeni alikuja, mwanamke mpole, sauti ya chini. Alizungumza Kiswahili, na mimi siku hizo Kiswahili changu kilikuwa cha kununulia chumvi. Bwana Abner alikuwa anageuza maneno, ya kwetu kwenda kwake, ya kwake kuja kwetu. Mwisho mgeni akauliza kama kuna mzee mwenye neno.

Nilisimama. Bwana Abner akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe ameingia kwenye pareto yake.

Sikuwa nimefungua mdomo, sauti ikatoka ndani. "Maji." Ulimi wa Obwocha ulikuwa mzito, lakini neno hilo lilisikika. "Maji." Kisha akakohoa kile kikohozi cha mtu anayekabwa.

Nikamwambia Kwamboka, "Nenda." Alikuwa amebeba trei ya soda za wageni. Akamtazama Bwana Abner. Bwana Abner akatikisa kichwa kidogo kumkataza, akawaonyesha waimbaji mkono, waimbe. Wakaanza. Na ndani mtu anakabwa.

Kemuma miguu yake haikumwinua tena siku hizo, lakini alikuwa ameomba abebwe mpaka benchi la mlangoni, karibu yangu. Akanivuta nguo. "Mama Nyangate, anakufa yule."

Nilijua atakuwa amejifunua. Mtu akikabwa anatupa nguo. Nikafungua kitambaa changu cha kichwa, nikajifunga macho, nikakaza fundo kisogoni. Kichwa changu cha mvi wazi mbele ya wageni. Nikaingia nikipapasa vitanda, chuma hadi chuma, mpaka nikasikia pumzi yake. Nikapapasa mtungi, nikapapasa kikombe, nikamwinua kichwa kwa kiganja changu. Mkono wangu juu ya shingo ya mkwe wangu. Ngozi ilikuwa ya moto.

"Mama," akasema, "umenitazama?"

"Sijakutazama. Nina kitambaa. Kunywa."

Akanywa. Polepole, yakimwagika kwangu. Na hapo nikasikia nyuma yangu nyimbo zimekoma na viatu vimejaa mlangoni. Mgeni alikuwa amenifuata. Akauliza jambo kwa ile sauti ya chini, na Bwana Abner akajibu. Nilijua ni mimi ninayesemwa.

Nikasema kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa nguvu, bila kugeuka, "Mwambie nataka ukuta. Mwambie huyu ni mkwe wangu, na ninyi mmetulaza kama mbuzi."

Bwana Abner akageuza. Mgeni akaguna kwa huruma. Nikasikia pua inapulizwa.

Baadaye Kemuma alinieleza, maana yeye alisikia yote kutoka benchi la mlangoni. Mgeni aliuliza, "Huyu mama ni kipofu?" Bwana Abner akasema ndiyo. Na maneno yangu ya ukuta aliyageuza hivi: "Anasema anashukuru sana kwa kumtembelea, Mungu akubariki."

Wewe unayesoma utasema, kwa nini hukuvua kitambaa ukamwonyesha macho yako? Fikiri. Hata kama ningeyaelewa papo hapo, nikivua ningemwona Obwocha uchi mbele ya watu wote, na yeye angeniona nikimwona. Bwana Abner alijua hilo vizuri. Mama yake alikuwa amemfundisha, kumbe.

Wiki chache zikapita, kikaja kifurushi kutoka Nairobi, na jina langu juu. Fimbo nyeupe ya vipofu na miwani nyeusi. Bwana Abner alinikabidhi mbele ya wote, akapiga makofi. Kemuma alicheka mpaka akalia, halafu akalia bila kucheka.

Obwocha hakunywa tena kutoka mkono wowote. Nyumbani tungechinja mbuzi, wazee wangesema maneno, lile kosa la kumshika lingeisha. Pale hapakuwa na mbuzi wala mtu wa kumchinja, na kamati ilisema hayo ni ya giza. Alifunga mdomo. Kwamboka alijaribu kwa kijiko, uji ukashuka shingoni. Nililala tena jikoni ili ale, nikakohoa damu, naye hakula. Alikwenda wakati wa mvua za Aprili. Fundi aliyewagawia watu nyumba zao kwa kuta alikufa mahali pasipo hata fito moja. Wanawe walimchukua wakamzika kwake, hilo nashukuru. Mimi sikwenda, sikuwa na nguvu ya kupanda mlima.

Ndiyo maana nilikuja darasani kwako, Mwalimu. Ulidhani nataka kusoma Biblia. Nilitaka Kiswahili changu mwenyewe, nisigeuziwe tena. Nimemwandikia yule mama wa Nairobi mara mbili kwamba macho yangu ni mazima. Labda anashangaa kipofu anaandikaje. Hajajibu.

Na sasa kitandani kwa Obwocha wamemlaza mzee Onsongo. Alimwoa binti wa dada yake Kemuma, na kwetu binti wa dada ni binti. Kemuma hawezi kutembea kama ninavyoweza mimi. Hawezi kwenda jikoni. Amejifunika blanketi usoni tangu Jumatatu, anapumulia humo, na chakula anakataa. Ile fimbo yao nyeupe nimeifunga wima kwenye chuma cha kitanda chake, nikatundika kanga yangu. Haifiki hata nusu.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, usiniambie pole. Pole nimeshiba. Pale kwako kuna mkaratusi, au muwati, au kipande cha fito kimelala nyuma ya nyumba. Kichukue, panda nacho kilimani kabla ya Jumapili. Bwana Abner akikuuliza unapeleka wapi, usimwachie akugeuzie maneno. Mwambie ni nguzo ya ukuta, na uchimbe shimo mbele ya macho yake. Udongo mimi nimeshaukanda.