Draya Zisizofunguka

Palikuwa na msusi ambaye watu walimwita Chekacheka, na jina lilimkaa vizuri. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, na wateja walimpendea mikono myepesi na ulimi usiotulia.

Siku draya yake ya kukaushia nywele ilipozima, waranti ilikuwa imetoka kuisha. Ile ya kabla yake nayo ilikufa hivyo hivyo. Akampelekea shemeji yake, fundi redio, ambaye aliigeuza huku na huku akitafuta skrubu asione hata moja. Ilikuwa imefungwa kwa gundi pande zote.

"Shemeji, hii haijaharibika," alimwambia. "Imefika pale walioitengeneza walipotaka ifike."

Maneno hayo yalimchoma. Tangu hapo kila aliyekuja kusukwa aliyasikia, na mtu aliyesukwa nusu kichwa hana pa kukimbilia. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake: pasi, blenda, birika la umeme, vyote vimekufa vingali vinang'aa. Akawaomba wavilete. Saluni ikajaa hadi mumewe akauliza, kwa upole, kama siku hizi wananunua vyuma chakavu.

Jumamosi moja asubuhi yeye na wateja wake wakavibeba hadi kwenye duka kubwa lililoviuza, wakavipanga nje. Hawakupiga kelele. Walimuuliza tu kila mpita njia chake kilidumu muda gani, na wengi walisimama, maana nani hapendi kusimulia alivyoliwa pesa yake? Umati ukaziba mlango.

Meneja akatoka amekunja uso, akawataka waondoke. Chekacheka akamsalimu kwa heshima.

"Kaka, blenda ya nyumbani kwako inafanya kazi?"

Meneja alijikaza asicheke, akashindwa. Akakiri kwamba imekufa na mkewe amemnunia. Ila yeye, alisema, huuza anacholetewa. Chekacheka akamwambia basi amfikishie huyo anayemletea salamu: wao watanunua kinachofunguka.

Wakawa wanarudi kila Jumamosi, wakizidi kuongezeka, huku mauzo yakidorora. Hatimaye duka likaweka rafu ya vipuri, na zikaja draya zenye skrubu. Mabirika bado ni yale yale ya gundi, na Chekacheka hajayasahau. Shemeji yake naye amehamishia meza mlangoni pa saluni, anafundisha wateja kufungua pasi zao wenyewe, na analalamika kwa furaha kwamba hapati hata muda wa kunywa chai.