Nilimchagulia Rafiki Yangu Injini Nikijua Itamshinda

Makosa ni yangu, na sitaki mtu wa kunitetea. Hii naandika nimesimama, kwa sababu nikikaa naona kiti kinanichoma. Tangu Jumapili situlii kabisa. Wacha niseme tu.

Mimi ni mtu wa Nakuru, natengeneza simu mjini. Jumamosi tunakutana watu wachache kwenye uwanja wa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, huko Gilgil kushindanisha magari ya rimoti. Si yale ya betri ya watoto, hapana! Haya yana injini ya kweli, yanakunywa mafuta ya nitro, yanatoa moshi na kelele mpaka mbwa wanatoroka. Huko mimi ndiye nilikuwa bingwa. Na nilipenda kuitwa hivyo, aki nilipenda sana.

Rafiki yangu nitamwita Kip, si jina lake. Ndiye alisimama nami siku ya harusi yangu. Alikuwa dereva wa kombaini, zile mashine za kuvuna ngano, kwao Mau Narok. Kisha akapigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Hospitali wakamwambia auzoeshe kazi ndogo ndogo. Wapi! Alijifungia nyumbani, hataki hata kuonekana na majirani.

Ni mimi nilimtoa. Nilimwekea rimoti yangu mkononi, ile yenye usukani mdogo unaozungushwa kwa mkono wa kulia. Mwanzo vidole vilitetemeka. Lakini alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, na siku moja, wueh! Jamaa alikata kona kunishinda mimi, na gari yenyewe ni yangu! Watu wakapiga makofi. Mke wake, Mama Chebet, akalia hapo hapo uwanjani. Akaniambia, "Shemeji, umenirudishia bwana yangu."

Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Lakini wivu nao ukaingia. Nilijiambia, huyu akipata gari yake, mimi nimekwisha.

Akapata gari. Ikabaki injini, akanipigia simu. "Boss, nichukue gani? Hii ndogo ya cc tatu na nusu, ama ile kubwa?"

Jibu nililijua! Gari yake ilikuwa nyepesi, ilitaka ile ndogo, ambayo inavuta taratibu na unaweza kuishika. Kubwa ni ya yale magari mazito ya matairi makubwa. Ukiitia kwenye gari nyepesi, ukigusa mafuta kidogo tu inaruka, hata mtu wa mikono mizima inamsumbua.

Nikamwambia, "Chukua kubwa. Huku kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, hiyo ndogo itachoka."

Angekosaje kuniamini? Huku mtu akinunua gari, swali la kwanza ni kama itapanda mlima. Kip ameona lori dogo likikohoa kwenye mlima wa kwao maisha yake yote. Akaniambia, "Hapo umesema ukweli. Asante, ndugu yangu."

Siku ya kwanza kuiendesha alikuja amepiga pasi shati. Mama Chebet alikuwa kando, simu juu, anarekodi. Gari ikaruka, ikapinduka. Tukaisimamisha, ikapinduka tena. Mara ya mwisho ilienda moja kwa moja ikagonga matairi yaliyopangwa pembeni ya uwanja, sehemu ya mbele ikavunjika. Kip hakuangalia gari. Aliangalia mkono wake.

Ningesema hapo! Neno moja tu, "ni injini." Nilinyamaza. Na siku hiyo nilishinda. Mungu anisamehe, nilishinda na nikapigiwa makofi.

Hakurudi tena. Simu hashiki. Mama Chebet akaniambia ameacha mazoezi yote, sasa anakula kwa mkono wa kushoto na hataki kuulizwa.

Jumapili baada ya kanisa nikashindwa kuvumilia. Nikang'oa injini ya gari yangu mwenyewe, ile ndogo, nikaipeleka Mau Narok. Nikaiweka mezani. "Kip, nilikudanganya. Niliogopa utanishinda. Ilikuwa injini, haikuwa mkono."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Wewe ni mtu mzuri sana. Mpaka unajipaka matope ndio mimi nijisikie vizuri?"

"Naapa, Kip! Haki ya Mungu!"

"Wacha, bwana. Usukani nilishika mimi. Mkono wangu naujua."

Nikarudia kila kitu tangu mwanzo, yeye anatingisha tu kichwa. Mama Chebet akaleta chai, akaniambia Mungu anibariki kwa kujaribu. Nikainywa. Nilipotoka, Kip alinifungulia mlango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni, na injini yangu alikuwa ameibana kwapani, akanirudishia.

Afadhali angenizaba kofi!

Wewe unayesoma, mtu akikuuliza jambo unalolijua, mwambie vile lilivyo, hata kama atakupita. Na kama tayari umemdanganya, usingoje Jumapili. Toka sasa hivi, hata kama ni kwa miguu, umfikie akiwa bado anaweza kukukasirikia.