Chumba cha Kocha

Niliondoka Murusagamba asubuhi bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa nimechoka kukata mikungu ya watu na kuulizwa kila jioni kama kesho nitakuwepo. Barabarani lilisimama lori la Fuso lililojaa ndizi. Dereva akasema anazipeleka Biharamulo mjini, ila kwanza atapitia Nyarubungo kuchukua magunia ya mahindi. Nyarubungo sikuwahi kufika. Sababu hiyo ilinitosha. Nikapanda juu ya mikungu, na kabla hatujaikuta lami nilikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

Shule niliiachia darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha. Tulipofika Nyarubungo alasiri, mwenye mahindi hakuwa amefunga hata gunia moja. Dereva akaanza kugombana naye. Mimi nikasikia kelele nyingine kubwa zaidi upande wa uwanja wa mpira, nikaenda kuona.

Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi nyuma ya goli, wazee mbele, vijana wa bodaboda nyuma juu ya pikipiki zao. Kando, kwenye kiti cha plastiki, alikaa peke yake mwanamume wa makamo mwenye filimbi shingoni. Nilimsalimia mzee wa karibu, shikamoo, akaitikia marahaba na kunisogezea nafasi. Akanieleza kwamba yule ni kocha wa klabu yao, mtu wa Ngara, na kwamba leo wanaamua kama amefikia matarajio. Akionekana amefikia, atabaki msimu ujao. Asipofikia, ataondoka leo hii na kurudisha ufunguo wa chumba walichompa.

Klabu yenyewe ni kubwa. Kubwa kwa kipimo cha huko, lakini kipimo ni kipimo: watu hutembea kutoka kata za jirani kuja kuitazama, na mtoto akizaliwa siku ya mechi anaweza kupewa jina la mfungaji.

Sasa huko Wasubi, Wazinza na Wasukuma waliohamia na mifugo yao wameoana mpaka kila mchezaji ana mjomba kikaoni. Kwa hiyo wana desturi yao. Shauri likiwa zito, mwenyeji hafungui kinywa kwanza. Anatafutwa mpita njia asiye na ukoo pale, anauliza anachotaka, anasema neno lake, ndipo wenyewe wanasema. Mwenyekiti wa klabu, mnene, mwenye duka na ng'ombe wengi, alitazama huku na huku, akaniona mimi na vumbi langu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na watu wakapiga makofi.

Nilifurahi, sitaficha. Katika maisha yangu watu wameniuliza natoka wapi na naondoka lini. Naonaje, hawajaniuliza kamwe.

Wakanisomea mashtaka. Walitarajia ubingwa wa wilaya, kocha akaleta nafasi ya pili. Walitarajia mpira wa pasi kama wanaouona kwenye televisheni ya dukani kwa mwenyekiti, kocha akaleta mpira wa kujilinda. Na mechi ya mwisho, iliyohitaji ushindi, ilikwisha bila bao.

Nikaanza kuuliza. Niliuliza mazoezi yalikuwa saa ngapi. Wakasema jioni, ng'ombe wakishaingia zizini. Niliuliza kama hapo bado kuna mwanga. Wakacheka, wakasema inategemea ng'ombe. Niliuliza kuhusu msimu wa palizi. Wakasema msimu wa palizi hakuna mazoezi, kwani watu watakula mpira? Yote hayo walinijibu vizuri, bila hila, kama mtu anayekuonyesha shamba lake. Hawakuona chochote ndani yake. Ndipo nikauliza ule mpira wa mechi ya mwisho ulikosa nini.

"Ulikosa mfungaji," kijana mmoja wa bodaboda akasema.

Nikauliza mfungaji alikuwa wapi.

Kijana akageukia pikipiki yake. Mzee niliyekaa naye ndiye aliyejibu, taratibu, akitazama nyasi. Siku ile mfungaji na mabeki wawili walikuwa wanapeleka ng'ombe wa mahari wa kaka yao mkubwa, njia ya mbali, na ng'ombe wa mahari hawapelekwi na watu wa kukodi. Kocha alikwenda kuomba siku isogezwe. Akaambiwa ng'ombe wakishatajwa hawasubiri.

"Aliambiwa na nani?" nikauliza.

"Na baba yao," mzee akasema, na kidevu chake kikaelekea kwa mwenyekiti.

Nikamgeukia. Mwenyekiti hakujificha wala hakuona haya. Alifungua mikono akasema kila mtu anajua ng'ombe ni ng'ombe. Kocha wa klabu kubwa, akasema, haangalii aliyekosekana, anaangalia aliyepo.

Yule kijana wa bodaboda akadakia. "Kaka, makocha wa Ulaya wakikosa namba tisa wanabadili mfumo. Wewe huangalii mpira?"

"Naangalia," nikasema. "Ila sijaona kocha wa Ulaya aliyenyang'anywa timu na ng'ombe."

Wengi walicheka, hata waliokuwa wamekuja kumfukuza. Nikadhani nimeshinda. Nikasema neno langu: mtu huyu amepewa giza, amepewa palizi, amenyimwa mfungaji na aliyemwajiri, na bado amewaletea nafasi ya pili bila kufungwa mechi ya mwisho. Kama hayo si kufikia matarajio, basi matarajio yenyewe ndiyo yafukuzwe.

Wakamgeukia kocha, kama ana la kusema. Aliinuka, akaivua filimbi na kuiweka juu ya kiti.

"Mimi niliahidi kufundisha," akasema. "Ubingwa mliuahidi ninyi."

Kisha wenyeji wakasema, na nikajifunza. Mmoja mmoja walisimama wakanisifu. Mgeni amesema kweli. Mgeni ana akili. Mgeni amesoma, mmoja akasema, Mungu amsamehe. Halafu kila mmoja akamalizia kwamba hata hivyo klabu kubwa ni klabu kubwa. Mikono ikanyooshwa. Hata mzee wangu alinyoosha, nusu nusu, kama anayejikuna sikio. Kocha akafukuzwa.

Nilimfuata mwenyekiti nikamuuliza basi neno langu lilikuwa la kazi gani. Hakukasirika. Akanishika bega kama baba.

"Neno la mgeni ni la kufungulia shauri, mwanangu. Si la kulifunga."

Wangeweza kumfukuza bila mimi. Walitaka kumfukuza wakiwa wamesikiliza. Nilikuwa maji ya kunawia mikono.

Nilirudi barabarani, nikakuta Fuso limeondoka. Jua lilikuwa linashuka, na wingu la mvua limekaa juu ya mashamba. Mwenyekiti akaja nyuma yangu, akacheka kidogo, akanitia ufunguo mkononi. Mgeni wa kikao halali nje, akasema. Kuna chumba nyuma ya duka. Kimepatikana leo.

Nilikwenda kwa hasira. Kocha alikuwa mlangoni na begi lake na gunia la vyombo, akitazama njia ya Ngara ambayo saa ile haikuwa na gari. Nikafungua, nikamwambia aingie. Akakataa. Akasema wamempa muda mpaka jioni, na jioni imefika. Nikalibeba gunia lake mimi mwenyewe nikaliingiza ndani, naye akalifuata.

Mwenyekiti alikuja na mkewe aliyebeba ugali na maziwa mgando. Alipomwona kocha amekaa kitandani, uso ukambadilika.

"Mwenyekiti," nikasema, "chumba hiki usiku wa leo ni cha nani?"

"Cha kwako, mgeni."

"Basi na mimi nimepata mgeni."

Akautazama ufunguo mkononi mwangu. Alijua, nami nilikuwa nimeshaambiwa na mzee uwanjani, kwamba huko mgeni haulizwi kitu usiku wake wa kwanza: si ametoka wapi, si amekuja na nani. Desturi ile ilikuwa yake kuliko yangu. Alimgeukia mkewe, akamwambia alete sahani nyingine.

Mvua ikaanza. Kocha akanawa, akavuta ugali upande wake, akala kama mtu aliyetoka mazoezini. Mimi nilikula kidogo. Nilitandika mkeka karibu na mlango, nikamwachia kitanda, na kila nyayo zilipopita nje niliinua kichwa, nikidhani wanakuja kumtoa.