Nusu Kaputi ya Hamsini na Mbili

Pasipoti yangu ina miaka hamsini na mbili. Mwenyewe nina sitini na nane, au na tisa, mama hakuandika popote. Aliyenipunguza miaka ni wakala aliyenileta Doha, na sauti yake ya mbuzi mwenye mafua: "Bibi, Waarabu hawachukui vizee jikoni."

Basi mwaka jana nikapasuliwa, mawe ya nyongo. Wakanipiga nusu kaputi, ule usingizi wa kisu, kwa kipimo cha miaka ya pasipoti. Siku tatu sipo. Nesi wa watu nikamwona mke mwenzangu, marehemu yule, nikamwambia arudishe sufuria yangu. Binti yangu akalia mpaka kope za bandia zikabanduka.

Mwaka huu tena, ngiri. Binti kaja hospitali kutoka Najma, mtaa wa humu humu Doha, anaongea kwa pua kama wageni wa hoteli anakofanya kazi: "Maa, ukiulizwa sema fifti-tuu. Ukisema kweli, madamu atakurudisha nyumbani."

Nikamtazama. Kichwa changu kisiporudi safari hii, ndiye huyu wa kunilisha uji? Chai yenyewe anaagiza kwa simu.

Madamu ninayempikia, wa Al Wukair, alikuwepo, kaegemea mlango na abaya lake, anachezea simu. Akaingia daktari wa usingizi, macho kwenye faili, uso hainui. "Hajja, hamsini na mbili?"

Nikamjibu kwa Kiarabu changu cha jikoni: "Hebu tazama shingo hii. Ni ya hamsini na mbili? Sitini na nane."

Madamu akaacha simu. "Wallah, muongo wewe."

Daktari akanieleza taratibu, kama anamweleza kuku. "Hajja, ubongo ukizeeka, dawa kidogo tu unazama. Ikizidi, unachelewa kurudi, tena unarudi umevurugika. Mwaka jana mbona hukusema?"

"Mwaka jana mbona hamkutazama?"

Akapunguza dawa. Niliamka siku ileile. Madamu kaniinamia, ananipima: "Mimi nani?"

"Wewe ndiye uliyeninyima likizo miaka mitatu."

Binti akaziba uso. Madamu tiketi yangu kashakata, naondoka mwezi ujao. Sawa. Mimi naondoka na akili zangu zote. Yeye atafute wa kumpikia wali, maana wa kwake nimeuonja: uji wenye makuu.