Nilivyowafuta Watu wa Kawangware

Ile picha ya barabara tupu ya Kawangware niliipiga mimi. Kwa miaka mingi nilikana. Vijana wa kazi hii ya picha waliponiuliza, nilimsingizia mwenzangu mmoja aliyehamishiwa Kisumu, mtu ambaye, kusema kweli, hakuwahi kuzaliwa. Leo namwachilia huru.

Niliajiriwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kitengo cha picha katika ofisi moja ya mipango ya mji. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino na kubeba shahada yangu ya jiografia ndani ya bahasha, kana kwamba kamera ingetaka kuisoma. Mkuu wa Picha, mzee mfupi aliyenuka dawa za kusafishia filamu, aliitazama bahasha, kisha viatu.

"Shahada weka kabatini," alisema. "Viatu tupa. Hapa tunasimama."

Picha ya usiku kweli hupigwa kwa kusimama. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, tundu la lenzi hufanywa dogo, na shata, yaani kile kilango kinachoingiza mwanga, huachwa wazi kwa sekunde nyingi, hata dakika mbili. Ukiigusa kamera umeharibu, ndiyo maana tulitumia waya mwembamba wa kufyatulia. Taa za magari huchora mistari mirefu. Kitu kilichotulia hubaki. Anayetembea hakai mahali pamoja kiasi cha filamu kumshika, kwa hiyo hupotea.

Hayo niliyajua vizuri. Nilikuwa nimepanga chumba Kibera, upande wa Kianda, na kila jioni nilifanya mazoezi mlangoni. Jirani yangu seremala alinihurumia. "Dada, unapiga picha giza? Si ungesema! Hata kwangu liko, tena la bure."

Kisha Naibu Mkurugenzi wa ofisi yetu akataka picha ya barabara ya Kawangware jioni, upande wa Kabiro. Akina mama walikuwa wamepanga meza kando ya barabara, wakiuza samaki wa kukaanga, mboga na mandazi kwa mwanga wa koroboi. Ofisi ilitaka kuamua kama meza hizo ziondolewe. Mimi nilitaka sifa. Nilifika saa moja na nusu, wakati wapishi, waashi na wafua nguo wanarudi kwa miguu kutoka kazini, na huwezi kupita bila kusukumana. Nikaacha shata wazi dakika mbili nzima ili mistari ya magari ipendeze.

Ikapendeza. Mistari ilimeremeta, koroboi ziling'aa moja moja, na wanunuzi wote walikuwa wamefutika. Hata wauzaji, kwa kuinama na kugeuza samaki, walibaki ukungu tu.

Naibu aliishika picha kwa ncha za vidole. "Maridadi. Sasa hawa wamewasha taa wamuuzie nani? Meza ziondolewe mwisho wa mwezi."

Hapo ndipo ningepaswa kusema neno. Nikasema, "Asante, bwana." Chuo kikuu kilikuwa kimenifunza adabu.

Notisi ikabandikwa. Nilirudi Kawangware nikijifanya mnunuzi wa samaki. Msemaji wa wale wanawake alikuwa Mama Nekesa, mtu wa Bungoma, aliyesomesha watoto wanne kwa kikaangio kimoja. Aliniona kabla sijafika.

"Kuja hapa, wewe wa kamera! Ati mkubwa wenu amesema hapa hakuna watu. Kwani sisi ni mashetani?"

"Si mimi niliyepiga, mama. Ni mwenzangu."

"Na huyo mwenzako pia huvaa gauni ya maua kama hii?"

Wakacheka wa meza zote. Nikaiacha gauni, nikawaeleza habari ya shata. Nikasema watu wakisimama dakika mbili bila kutikisika, wataonekana wote.

"Nani atasimama na watu wanakimbilia ugali?" akauliza muuza mboga.

Mama Nekesa akafuta mikono kwenye leso. "Kesho lete kamera. Nitawasimamisha."

Kesho yake, saa ileile, alipanda juu ya kreti ya soda na kupaza sauti: "Tuombe!"

Neno hilo lina nguvu kuliko filimbi ya polisi. Kofia zilivuliwa. Vichwa viliinama. Fundi mmoja aliyebeba mlango kichwani alisimama nao. Nikafungua shata. Mama Nekesa akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akaombea bei ya mafuta, nami nikihesabu kimoyomoyo. Kisha akasema: "Na huyu dada wa kamera, Bwana, aliyetufuta duniani kabla ya siku zetu, mfungue kinywa aseme ukweli."

"Amina!" ikajibu barabara nzima.

Mlevi mmoja tu aliendelea kutembea, na ndiye pekee asiyeonekana pichani.

"Ukimpelekea Naibu picha hizo mbili, mimi sikujui," Mkuu wa Picha aliniambia. Nilizipeleka. Nilimwachia karani wa Naibu, pamoja na barua ya kueleza kwa nini picha ya kwanza ilificha watu. Sahihi sikutia. Ushujaa wangu ulikuja kwa awamu.

Sasa nimestaafu, na wapo wanaosema picha ya pili ilikuwa ya kupangwa. Ilikuwa ya kupangwa, na siombi radhi. Ya kwanza nayo niliipanga, kwa tundu la lenzi na kwa majivuno. Afisa anayetaka kujua kama barabara ina watu, na aende akasukumane nao. Nilichoficha ni hiyo ya kwanza tu, maana mbele ya vijana nilitaka kuwa shujaa asiye na doa. Mbele ya Naibu sikupata nafasi hiyo.

Simu ililia Ijumaa moja asubuhi, siku chache kabla ya ule mwisho wa mwezi. Mkuu wa Picha aliipokea, akasimama wima, akaninyooshea mkono wa simu bila kunitazama.

"Nani alipiga picha ya kwanza?" Ilikuwa sauti ya Naibu.

"Mimi."

"Na ya pili?"

"Mimi pia."

"Uliwapanga watu."

"Niliwasimamisha, bwana. Ni katika ile ya kwanza nilipowafuta."

Nikasikia akizigeuza picha mezani.

"Jana jioni nilipita huko," akasema. "Gari langu lilikwama nusu saa katikati ya watu. Notisi imefutwa. Na wewe, kwa kunifanya mjinga, Jumatatu utaripoti stoo."

"Nitaripoti, bwana," nikasema. "Lakini leo natoka mapema. Nina habari ya kupeleka Kawangware."