Glasi ya Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Ukienda kunyolewa kwake, aga nyumbani kabisa. Atakizunguka kichwa chako, atarudi nyuma akitazame kwa jicho moja, atakupuliza nywele shingoni, kisha aanze upya. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga: kiti kimoja, kioo chenye ufa, na benchi la wanaosubiri na wanaojifanya wanasubiri. Chumba cha nyuma alilala yeye na mkewe, mpaka wiki ile alipokuja mama mkwe. Sasa wao walitandika godoro chini, kati ya kiti cha kunyolea na benchi, na asubuhi wakalikunja kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi.

Mama mkwe alikuwa ametoka kuugua tumbo, ugonjwa uliomlaza hadi ndugu wakaanza kunong'onezana. Binti yake, muuguzi wa zahanati ya mtaani, akasema mama aje akae nao mpaka apate nguvu. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alimnyooshea mumewe kidole.

"Mama anywe maji ya kuchemsha tu. Bomba kubwa limepasuka huko juu, hatujui yanakuja na nini. Umenisikia, mume wangu?"

"Nimekusikia."

Alisikia kweli, wala hatumsingizii. Lakini siku moja wateja walifurika, akasahau kuchemsha. Mara sauti ndogo ikatoka chumba cha nyuma: "Mwanangu, samahani kukusumbua. Maji ya kunywa yapo?"

Taratibu akainua birika. Tupu! Mtu mwenye akili zake angesema subiri kidogo, mama, nayabandika jikoni. Lakini wewe uliyeoa, hebu niambie, unamwambiaje mama mkwe kwamba nyumbani kwako hakuna maji? "Yapo, mama," alijibu. Akafungua bomba, akajaza glasi, akaiweka juu ya sahani, akampelekea kwa mikono miwili, macho chini. Mama akanywa yote, akaomba ya pili. Akapewa ya pili.

Hata hajarudi vizuri kwenye kichwa cha mteja, gari la matangazo likapita na spika yake juu. Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma, maneno yakamfikia vipande vipande. "Wakazi wote mnatangaziwa... maji ya bomba... yametiwa dawa... narudia, maji yametiwa dawa... kwa hiyo msi..." Gari likakata kona, likaondoka na neno lake.

Taratibu akazima mashine. "Amesema msi nini?"

"Msinywe," mteja alijibu bila hata kufikiri. "Itakuwa msinywe. Wewe ungemalizia vipi?"

Na hapo ndipo lugha yetu tamu inapotuponza. Ya kikohozi ni dawa, ya mende ni dawa, ya panya nayo ni dawa, na kuna watu wanasema hata ya kummaliza jirani ni dawa. Taratibu hakuwaza kikohozi. Aliwaza panya, tena panya wa jikoni kwake, yule aliyemkuta amelala chali mwezi uliopita.

Akaenda mlangoni, akakohoa kwanza kama ilivyo adabu. "Mama, hujambo huko?"

"Sijambo, mwanangu. Ila tumbo tu."

"Tumbo lina nini?"

"Linanguruma."

Lo! Jasho jembamba likamtoka. Nimeua, alisema moyoni. Nimemuua mama wa mke wangu, tena kwa sahani na mikono miwili! Mtu ambaye hata mvua haikuwahi kumkimbiza siku hiyo alichomoka miguu niponye, taulo begani, na nyuma yake mteja amevaa shuka la kunyolea, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ni msitu, anapiga kelele: "Na mimi je?"

Huko zahanati, mkewe alikuwa anampima mtoto uzito. "Mke wangu, nimemuua mama!" Benchi zima la wagonjwa likageuka. Mkewe akamrudisha mtoto kwa mama yake, akashika meza.

"Ameanguka?"

"Bado. Nimempa maji ya bomba sasa hivi, na wametangaza yametiwa dawa, na tumbo linanguruma!"

Muuguzi alimtazama mumewe, kisha akakaa kitini, akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. "Wewe mwanaume utaniua mimi kabla ya mama! Ni dawa ya kuua vijidudu, si ya kuua watu. Bomba limezibwa, wamelisafisha, wametia dawa, na leo asubuhi watu wa maji wamepima mpaka kwenye mabomba ya mtaa wetu. Yako salama. Gari linasema msiwe na wasiwasi."

"Msiwe," Taratibu alirudia.

"Msiwe, bwana! Ya kuogopa ni yale ya wiki iliyopita, yaliyokuja bila dawa. Nenda kamtazame mama. Akitapika au akiharisha, niite haraka. Na huyu mzee wa watu mmalizie kichwa, unaniaibisha."

Taratibu alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Kichwa cha mteja alikimalizia kwa mwendo ambao haujawahi kuonekana mtaani, hakutoza kitu, akaufunga mlango wa mbele. Alifurahi, machozi yakimlengalenga. Angeweza kunyamaza, yakaisha. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, mkono kifuani.

"Mwanangu, ulikimbia hivyo, nani amekufa?"

Akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Maji niliyokupa sikuyachemsha. Niliona aibu kukwambia hayapo. Lakini yako salama, nimehakikisha."

"Nilijua hayakuchemshwa," mama alisema. "Yananuka dawa kama sakafu ya hospitali, ningekosaje kujua?"

"Na ukanywa?"

"Ningemwambia nini mkwe wangu? Nilinywa, nikamwachia Mungu."

"Na glasi ya pili je?"

Mama akautazama mlango wa nje, akapunguza sauti. "Ile ilikuwa ya njaa. Tumbo langu limepona zamani, mwanangu. Lakini mkeo ananipangia asubuhi uji, mchana uji, usiku uji uleule umeongezwa maji. Nilikuwa nalijaza ili lisingurume mkalisikia."

Taratibu alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. Wiki nzima mama alikuwa na njaa chini ya paa lake, yeye akipita mlangoni na kukohoa kwa adabu. "Kwa nini hukusema, mama?"

"Na wewe kwa nini hukusema huna maji?"

Wakatazamana usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, na ndipo kicheko kikatoka, cha wote wawili. Taratibu akawasha jiko. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kukanyaga jikoni kwake, akaburuta stuli akakaa karibu, akamtazama akishika kisu.

"Mwanangu, hicho kitunguu unakikata au unakinyoa?" alimkaripia. "Lete hapa!"

Akampa kisu, na hakuna sifa iliyowahi kumfurahisha kama karipio lile.