Deraya ya Karatasi, Mkasi wa Wifi

Ukitaka kumwua wifi yake Sindano bila kumgusa, chukua mkasi wake mkubwa ukakatie karatasi.

Si mikasi yote. Vimkasi vya kukatia nyuzi vilizagaa dukani, ukavitumia utakavyo. Nasema ule mmoja, mzito, wa mpini mweusi, uliolazwa kwenye droo ya juu na kufunikwa kitambaa laini kama mtoto mchanga. Fundi cherehani yeyote atakwambia karatasi inaua makali. Mkasi ukishazoea karatasi, kitambaa haukikati tena, unakitafuna. Hilo sawa. Lakini huyu mama alivuka mpaka. Mteja akiweka risiti karibu na ule mkasi alifokewa mpaka akasahau alichofuata.

Sindano ni jina walilompa wateja, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa ameolewa na mdogo wake huyo mama, dereva wa malori ya masafa, mwanamume mpole ambaye nyumbani kwake alikuja kama mgeni. Mume akiwa safarini, yaani karibu siku zote, Sindano aliishi katika nyumba ya wifi, akala chakula cha wifi, akashona mapazia katika duka la wifi, na duka lenyewe lilikuwa mbele ya nyumba hiyo hiyo. Akitoka kazini hakutoka popote. Alifungua mlango wa nyuma tu.

Akimlalamikia mume kwenye simu, jibu lilikuwa lile lile: "Vumilia mke wangu, ndiye aliyenilea."

Vumilia! Haki ya nani, neno hilo lingekuwa kitambaa angelichoma moto. Wifi alimkagua mshono mbele ya wateja. Wifi alimwuliza mbele ya majirani kama hata kutia chumvi hawakumfundisha kwao. Naye Sindano hakuwa malaika, usije ukamwonea huruma bure. Alijibu neno kwa neno, na mengine aliyatunga jikoni akayahifadhi ya kesho. Walichukiana waziwazi, asubuhi na jioni, kama watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Kilichompumzisha ni mashine ya gemu aliyoletewa na mume. Ndani ya gemu alikuwa mwanamke shujaa, mlinzi wa lango la mji, amevaa deraya ya chuma kutoka kichwani hadi miguuni, na anayemjia vibaya anapasuliwa vipande viwili. Usiniulize alikuwa akimwona nani mbele ya upanga.

Siku moja dada wa duka la kuchapisha, mtaa wa pili, alimwonyesha picha. Kumbe kuna watu wanaoitengeneza deraya ile na kuivaa! Mchoro unavunjwavunjwa kwenye kompyuta ukawa vipande bapa, unavichapisha kwenye karatasi ngumu, unakata, unakunja, unabandika, kisha unavipaka gundi na kuvitia vitambaa kwa ndani mpaka vikauke kama ubao.

"Mwisho wa mwezi wacheza gemu wanakutana ukumbini wamevaa hivi," dada yule alisema. "Na mkuu wa kikundi cha maigizo atakuja. Anatafuta fundi wa mavazi ya vita. Kazi ya kudumu, na chumba chako mwenyewe cha kazi."

"Chumba changu?"

"Na ufunguo wake."

Mengine Sindano hakuyasikia. Chumba chenye ufunguo, mahali ambapo wifi hana hata msumari! Alirudi na karatasi kwapani, hajui kukunja hata bahasha, na moyoni ameshahama.

Alianza na chapeo, ile kofia ya vita. Vimkasi vya nyuzi viliteleza kwenye ile karatasi ngumu, vikamchubua vidole. Wifi alikuwa amekwenda kununua bitana, kitambaa cha kutia ndani ya mapazia. Droo haikufungwa. Wewe ungefanyaje? Alikata kipande kimoja tu, cha sikio, na jinsi mkasi ule ulivyopita taratibu, aliona hata utamu. Akainua macho, wifi huyo mlangoni.

"Umekatia nini?"

"Kadi, wifi."

"Kadi ni kitambaa?"

"Si kitambaa."

"Basi ni karatasi." Wifi aliweka bitana chini polepole. "Mkasi wangu. Karatasi. Toka nje ya duka langu kabla sijakukata wewe."

"Mkasi tu huo, si figo yako!"

Loo, asingesema. Majirani walitoka kusikiliza. Wifi aliupangusa mkasi, akaupaka mafuta, akaujaribu kwenye kipande cha pamba, na ingawa ulikata vizuri aliapa mbele ya kadamnasi: "Mkasi huu ukigusa karatasi tena, mimi si mtoto wa baba yangu." Tangu hapo hakuuacha tena kwenye droo. Aliutia kwenye mkoba akawa anatembea nao, sokoni, msibani, hata msalani.

Sindano akanunua kisu cha kukatia kadi, akaendelea. Chapeo ya kwanza alipomaliza kuibandika iliingia kwenye ngumi. Kompyuta ilikuwa imepunguza mchoro ili uenee kwenye ukurasa, naye hakujua kwamba kuna kitu kama hicho cha kuangalia. Kabla hajaificha, wifi aliiona, akaitundika kwenye mlango wa duka. "Karibuni wateja, muone kofia ya panya!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sindano naye alicheka, kicheko cha meno tu.

Akachapisha upya, kwa kipimo cha mwili wake. Safari hii chapeo ilimkaa. Akaunda mabega, mikono, na miguu, akavipanga sebuleni vikauke. Asubuhi wifi alipiga deki. Mwaka mzima mtu huyu hajashika tambara la deki, siku hiyo akamwaga ndoo nzima, na maji yakaenda moja kwa moja kwenye miguu ya deraya. Ikalegea kama uji.

"Aa, kumbe vilikuwa vitu?" alisema wifi. "Nilidhani takataka."

Sindano alimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, watoto wanasoma. Alilia pia, chumbani, amejifunika mto asisikike, kisha akafuta kamasi akaanza miguu upya.

Kwa kuimarisha ndani alihitaji vitambaa, na vitambaa vilikuwa vya nani? Alichukua mabaki ya mapazia kutoka kapu la chini ya meza, vipande vidogovidogo, akavilowesha gundi nyeupe ya mbao na kuvibandika tabaka juu ya tabaka. Hapo ndipo mikono yake ilipojua ilichokuwa inafanya. Hakuacha kunyanzi hata moja. Akapaka rangi ya fedha, na kifua na mgongo vikang'aa hasa.

Lakini fundi hubaki fundi, na ufundi ndio uliomponza. Gauni humaliziwa mwilini: unalivalisha, unabana pini, unapunguza hapa na pale, na zipu unatia mwisho kabisa. Asubuhi ya Jumamosi ya mkutano Sindano alisimama mbele ya kioo, akajivika kifua na mgongo, akaziunga mbavu za deraya mwilini mwake kwa karatasi, kitambaa na gundi, huku akijipulizia feni. Kwapa la kushoto, la kulia, mabegani. Ilimkaa, jamani, ilimkaa kama ngozi. Alijigeuza huku na huku. Kisha gundi ilipokauka ndipo alipotaka kwenda haja, akajipapasa ubavuni kutafuta zipu.

Zipu gani? Hakuna aliyeweka zipu. Shingo haipiti bega, kiuno hakipiti kifua. Alikuwa amejishonea ndani.

Angalipiga kelele, lakini wa kumsikia ni mmoja tu, na kuliko kumwita huyo afadhali afe. Tena palikuwa na mapazia ya hoteli yaliyotakiwa siku hiyo hiyo. Akachomoka kwa mlango wa nyuma, amebeba chapeo mkononi, akaenda ukumbini kwa miguu maana hakuweza kukaa. Watu njiani walimpisha.

Ukumbini palijaa mashujaa wa kila namna, wengi wamevaa maboksi yaliyopakwa rangi. Mkuu wa maigizo, bwana mfupi mwenye miwani kifuani, alipita kwa mmoja mmoja bila kusimama. Kwa Sindano alisimama. Akagonga kifua kwa kidole. Akagonga tena.

"Nani kakutengenezea?"

"Mwenyewe."

"Hiki ni karatasi kweli? Vua niione kwa ndani."

Jasho lilimtiririka. "Haivuliki, mzee."

"Haivuliki vipi?"

"Nilisahau mlango."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko, habari ikaenda ukumbi mzima. Yule bwana hakucheka, na hilo ndilo lililouma. Alivaa miwani, akaivua. "Mwigizaji wangu hubadili nguo kabla pazia halijafunguka tena," alisema. "Kama siwezi kuona ndani, siwezi kusema chochote." Akaanza kumwendea wa pili. Sindano aliona chumba chake kinaondoka, na ufunguo wake.

Kijana mmoja aliyejifanya jitu alijitolea na kisu cha mkate. "Tupasue hapa kifuani, dada, fasta tu."

"Wee! Mwana laana! Peleka kisu chako huko!"

Sauti ile Sindano angeitambua hata kaburini. Wifi alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni, mkoba kwapani, ameelekezwa na watu wa njiani, amemfuata fundi wake aliyekimbia mapazia ya hoteli. Alikuja akiwasukuma mashujaa kama anapita sokoni.

"Nani kakufundisha kupasua nguo kifuani? Utapasua kifuani iwe nini, koti? Ondoka!" Kisha akamgeukia Sindano. "Na wewe, zuzu mkubwa. Miaka yote nakufundisha, zipu, zipu, zipu. Umeniacha na mapazia ya watu, umekuja kujianika humu umejifunga kama kifurushi. Inua mkono."

"Sitaki msaada wako."

"Nani kakwambia nasaidia? Inua mkono!"

Akainua. Wifi akapitisha vidole kwapani mpaka kiunoni, polepole, kama anavyompima mteja, akatafuta maungio akayapata. Akafungua mkoba. Kitambaa laini, mpini mweusi.

Sindano akasahau hata haja iliyombana. "Wifi," alisema kwa sauti ndogo, "ni karatasi."

"Nimeona. Nina macho."

Akakata. Kwa mikono miwili, meno yameumana, mkasi ukilia kwenye gundi iliyokauka sauti ambayo fundi yeyote ingemtoa machozi. Kutoka kwapani mpaka kiunoni, mstari umenyooka, mlemle kwenye maungio, bila kugusa rangi ya mbele wala ya nyuma. Akahamia bega. Deraya ikafunguka kama kabati, Sindano akatoka, fulana yake imemganda mwilini kwa jasho, akakimbilia msalani bila kuaga.

Aliporudi, mkuu wa maigizo alikuwa ameinama ndani ya deraya, anapapasa tabaka za vitambaa. Wifi alisimama kando, na yeye pia alikuwa akitazama mle ndani. Pazia la maua ya zambarau. Pazia la mwalimu mkuu. La hoteli.

"Mwizi," alisema wifi, lakini hakusema kwa nguvu.

"Kazi safi hii," alisema yule bwana. "Hapa palipokatwa utatia kanda za kufungia, na zote nyingine utaziwekea mlango tangu mwanzo. Jumatatu uje nikuonyeshe chumba."

Walirudi nyumbani, Sindano nyuma, wifi mbele. Dukani wifi alitandika pazia la hoteli mezani akaujaribu mkasi. Ukatafuna. Akaugeuza, akajaribu tena, ukavuta nyuzi. Akasonya msonyo mrefu, akausukuma juu ya meza mpaka ukamfikia Sindano.

"Chukua."

"Nikaunoe?"

"Ukaunoe, ukautupe, shauri yako. Kwangu mkasi huu umeshakufa. Makaratasi yako ndiyo yake sasa." Hakumtazama. "Na hicho chumba chako ukishapewa, usinikaribishe."

Sindano, mwenye ulimi ule, alikuwa na maneno ya miaka ameyaweka kwa siku hii ya kuondoka. Aliuchukua mkasi. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka.

"Sikukaribishi," alisema.

"Vizuri."

Wifi akavuta kiti, akachukua kimoja cha vile vimkasi vya kukatia nyuzi, akaanza kulikata pazia la hoteli kwa hicho, kidogo, kidogo, kidogo. Sindano alisimama pale na mkasi kifuani, anasikiliza, mpaka alipoona hawezi kuvumilia tena, akafungua mlango wa nyuma akaenda kuweka chai.